Walidhani Nafunga, Kumbe Naumwa

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana, ambaye amenifanya nisimame mbele yenu leo nikiwa nimeshiba. Ninyi mlioketi huko nyuma karibu na ngazi, nipungieni mkono nijue tuko pamoja. Ushuhuda huu nimeuandika kwa sababu najijua. Nikianza kuongea hivi hivi nitalia, halafu nitacheka, halafu muda utaisha na hamtakuwa mmesikia kitu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Loise, mke wa Wekesa, yule wa chapati na maharagwe pale chini ya ploti yetu, Kware. Shule sikufika mbali, kwa hiyo mambo ya daktari nitayaeleza vile nilivyoyaelewa. Kama kuna muuguzi hapa ndani, anirekebishe kwa upole baada ya ibada.

Ndugu zangu, zamani nilikuwa mtu wa kula. Chakula nakipenda, na pilipili niliipenda zaidi. Hata Wekesa alinipata nikiwa nakula. Alikuja kununua chapati akanikuta natafuna pilipili mbichi kama karoti. Akaniuliza, "Msichana, hiyo kitu haikuchomi?" Nikamwambia, "Tunajuana." Kesho yake alirudi, na kesho kutwa, mpaka akaniambia ukweli kwamba chapati zenyewe alishazichoka.

Nina ndoto ya hoteli. Si kibanda, ni hoteli yenye mlango, viti vyenye mgongo, ukuta wa rangi ya chungwa, na bakuli la pilipili kwenye kila meza. Tukiwa tumelala nilikuwa namwonyesha Wekesa gizani mahali sinki ya kunawia itakaa. Naye husema, "Iweke mbali na choo, mpenzi, halafu ulale."

Basi ugonjwa ulianza kama mchezo. Fizi zikawa nyekundu, nikipiga mswaki natema damu. Nikadhani ni mswaki mgumu. Halafu siku moja nilikunywa chai ya tangawizi, nikahisi kama nimemeza kaa la moto. Nikachukua kioo, nikavuta shavu. Ndani ya shavu kulikuwa na mistari myeupe imepitana huku na huku, kama vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika kwenye makochi. Shavu la pili, vile vile. Na katikati ya ile mistari palikuwa pameiva, pamechubuka.

Nikaaga pilipili. Baadaye nikaaga nyanya, maana hata nyanya ilinichoma. Nikaaga chai ya moto. Mwisho nikaaga chapati zangu mwenyewe, kwa sababu ule ukingo wake mkavu ulikuwa unanikwangua. Nikabaki na avokado na uji uliopoa, na kuna siku hata hivyo vilinishinda. Nilienda kwa duka la dawa nikapewa maji ya kusukutua, yale makali. Nilisukutua mara moja nikakaa chini kwenye sakafu.

Sasa wakati huo huo kulikuwa na mambo mengine mwilini, na mimi sikuyaunganisha hata kidogo. Baridi, kwanza. Nimesimama kando ya jiko, jua linawaka, na nimevaa sweta mbili. Wateja wakaniuliza, "Dada, kwani wewe uko kwenye baridi ya Limuru?" Usingizi nao. Ningeweza kulala nimeshika mwiko. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Uso ukajaa. Na sauti ikawa nzito, imekwaruza. Siku moja Wekesa alinipigia simu kutoka kazini, nikapokea, nikasema haloo. Akasema, "Niaje, bro. Hebu mpe mke wangu simu."

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini tulipomaliza kucheka, aliniangalia kwa muda.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Shiro, kwa sababu bila yeye ushuhuda huu haupo. Mama Shiro ndiye kiongozi wa maombi ya wanawake wa ploti yetu. Anauza viazi soko la Muthurwa na anakaa orofa ya tatu. Nilipotoka nyumbani Kakamega sikuwa na mtu hapa Nairobi. Yeye ndiye aliyenipa sufuria yangu ya kwanza, na mimi si hata wa kabila lake. Kila Alhamisi tunakutana kwake, na huwezi kuomba kabla hujanywa chai yake.

Alhamisi hiyo alinimiminia kikombe. Ulikuwa unatoka mvuke. Nikasema, "Mama, pole, sitaweza. Mdomo umefunga."

Nilimaanisha mdomo hauwezi kufunguka kwa maumivu. Lakini Mama Shiro alishika hilo neno moja tu, umefunga. Akaniwekea kiganja chake mdomoni. Akasema taratibu, "Sss. Mtoto wangu. Anayefunga hatangazi." Akawageukia wengine, "Loise asiulizwe mambo ya chai tena. Ni kati yake na Mungu."

Mnaona ilivyokuwa, ndugu zangu? Nilijaribu kueleza. Nilisema, "Mama, si kufunga kwa maombi." Akanipapasa mgongo, "Najua, najua. Usijitetee." Wiki iliyofuata nikasema mbele ya wote, "Jamani, kinywa changu kinawaka moto." Wote wakaitikia, "Amina." Sisi watu wa kanisa ukitaja moto tunafurahi. Dada mmoja aliniomba nimwekee mikono.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza. Mtu asiyekula kwa sababu ya ugonjwa, watu humuuliza una nini. Lakini mtu aliyefunga haulizwi chochote, anaachiwa nafasi tu na heshima yake. Waliniona napika kutwa bila kuonja, wakasema, huyu amepewa neema. Kulikuwa na mmoja tu aliyeshangaa. Alinisimamisha kwenye ngazi akasema, "Loi, huko kufunga kwako ni kwa aina gani? Unafunga na unazidi kunenepa. Mimi nikifunga siku moja tu sketi inaanguka."

Kabla sijajibu, Mama Shiro akaitikia kutoka juu, "Bwana anamtunza. Wewe tafuta pini ya hiyo sketi."

Kwa kweli nilikuwa nanenepa. Sikuwa nakula, na nguo zilikuwa zinanibana. Nilijiangalia nikashindwa kujielewa.

Aliyejua kwamba ni maumivu ni Wekesa pekee. Yeye ndiye aliyekuwa ananionjea maharagwe kabla hajaenda kiwandani. Ndugu zangu, nampenda mume wangu, lakini ulimi hana. Nikimuuliza, "Chumvi?" anasema, "Iko sawa." Nikiongeza kijiko kingine nimjaribu, anasema, "Sasa ndiyo iko sawa kabisa." Mteja mmoja alikula vijiko viwili akarudisha sahani polepole, akaniuliza kama maji ya kupikia nilichota baharini Mombasa.

Halafu kukaja jioni moja. Nilitoka kuanua nguo nikamkuta Wekesa ameketi kwenye ngazi, sahani iko kwenye magoti, anakula akiwa amegeukia ukuta.

Nikamuuliza, "Mbona unakulia hapa kama mgeni?"

Akasema, "Sipendi kukula ukiniangalia."

"Mimi sikuonei wivu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana."

Niliketi kando yake na nguo zangu mkononi. Hakuendelea kula. Nataka mjue kwamba hapo ndipo nilipovunjika moyo. Maumivu nilikuwa nimeyazoea. Lakini sisi tulianzia kwenye chakula, na sasa chakula ndicho kimetutenga, mmoja ndani, mmoja kwenye ngazi. Na moyoni nilikuwa nimeamini kwamba ninazimika. Kila siku joto kidogo linatoka, nguvu kidogo zinatoka, na siku moja Wekesa ataamka anikute nimeisha. Sikumwambia mtu.

Basi ikafika wiki ya mfungo wa wanawake, na Mama Shiro akatangaza kwamba mwaka huu atakayeongoza ni Loise, kwa sababu Loise ana ushuhuda wa kufunga. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kukataa, lakini ndugu zangu, hata kukataa kunahitaji nguvu. Na nilifikiri, labda Mungu ananiita nipitie hapo ndipo aniponye. Wekesa alinikataza waziwazi. Alisema, "Utaongoza nini, na kupanda ngazi tu unapumzika mara mbili?" Nikamwambia, "Niache, baba. Labda ndio mlango wangu." Siku hizo niliongoza nikiwa nimeegemea ukuta. Nikiomba, wanasema sauti yangu imebadilika kwa upako.

Siku ya kufungua tukakusanyika kwa Mama Shiro alasiri. Kwake kuna desturi. Aliyeongoza mfungo hapewi uji na mtu mwingine, anapewa na Mama Shiro mwenyewe. Anaupooza kwa kuumimina kikombe hiki kwenda kile, kikombe hiki kwenda kile, na kwa wale anaowapenda sana anakamulia ndimu.

Mimi alinikamulia ndimu nzima.

Nikauangalia ule uji. Nikamwangalia mama yangu huyu amepiga magoti mbele yangu, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ningekataaje? Nikameza.

Siwezi kuwaeleza. Machozi yalitoka yenyewe, kichwa kikainama, nikashika meza. Wanawake wakaona machozi wakaanza wimbo. Wanaimba, wanapiga makofi, na mimi bado nimeinama. Lakini Mama Shiro alikuwa karibu. Yeye aliona kikombe. Aliinua mkono mmoja, na wimbo ukakatika.

"Loise. Hii kwenye kikombe ni damu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Fungua mdomo nione."

Akawasha tochi ya simu. Alinishika kidevu kama mtoto, akaangalia upande huu, akaangalia upande huu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani amekufuma hivi, mtoto wangu?" Maana naye aliona kile kitambaa. Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu kabla ya ile siku ya chai, mama. Niliposema mdomo umefunga."

Mama Shiro aliketi chini pale pale alipokuwa. Akaangalia kiganja chake. "Na mimi nikakuziba," akasema.

Nilimwambia hakujua. Nilimwambia mara nyingi, na nawaambia na ninyi pia, hakujua. Mtu asimnyooshee kidole. Wangapi wetu tungepiga magoti na kikombe cha uji mbele ya muuza chapati?

Kesho yake viazi vya Mama Shiro havikuuzwa. Wekesa naye akaomba ruhusa kazini. Tukaenda watatu hospitali, kwa daktari wa meno. Alikuwa dada kijana, mpole. Aliangalia mdomo wangu kwa muda mrefu, akaangalia fizi, akauliza dawa ninazotumia. Nilitegemea anipe dawa ya vidonda niende. Badala yake akaweka kioo chake chini, akaanza kuuliza mambo ambayo hayako mdomoni.

"Unahisi baridi kuliko wengine?"

Mama Shiro akajibu, "Sana, daktari. Anavaa sweta mbili kando ya jiko."

"Usingizi?"

"Huyu analala hata kwenye maombi, sasa ndiyo naelewa."

"Mama," daktari akasema akitabasamu, "hebu tumwache ajibu mwenyewe."

Mama Shiro akajiwekea mkono mdomoni, na hakuuondoa mpaka tukamaliza. Wekesa aliangalia dari asicheke.

Nikajibu mwenyewe. Baridi, usingizi, nywele, sauti, uzito unaopanda na huku sili. Nilipokuwa nikiongea, nilisikia kama mambo ya watu watano, kumbe yote ni yangu. Daktari akasimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akasema, "Meza mate." Nikameza. "Tena." Akanishikisha na mimi. Palikuwa na kauvimbe ambako sikuwahi kukajua.

Walinitoa damu. Walikata kipande kidogo sana cha nyama ya shavu wakakipima, na kusubiri majibu ndiko kulikonichosha kuliko kukatwa. Tulipoitwa tena, daktari alianza na lile tulilokuwa tunaogopa bila kulitaja. Akasema si saratani. Ni uvimbe wa ngozi ya ndani ya kinywa, na huo ndio unaochora ile mistari. Wekesa akauliza, "Daktari, inaambukiza?" Akasema hapana. Wekesa akakohoa kidogo, "Hata kwa…" Daktari akasema, "Hata kwa hilo." Mama Shiro akaangalia dirishani.

Kisha akasema damu imeonyesha jambo la pili. Hapa shingoni tuna tezi, wanaiita thairoidi, na ndiyo inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Yangu ilikuwa imelegea. Mimi nilimwelewa hivi: ni jiko, na langu lilikuwa limefunikwa na majivu. Ndiyo sababu ya baridi, usingizi, sauti na kunenepa. Akasema mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa, na wakati mwingine hao walinzi wanachanganyikiwa, wanapiga watu wa nyumbani. Wanaweza kupiga tezi. Wanaweza kupiga kinywa.

Nikamuuliza kama tezi ndiyo iliyoniharibu mdomo. Nilimpenda kwa jibu lake, kwa sababu hakujifanya anajua kila kitu. Alisema, "Hatuna hakika ni kwa nini haya mawili yanaandamana. Wengi wana shida ya kinywa na tezi yao ni nzima, na wengi wana shida ya tezi na kinywa hakina kitu. Lakini tunayakuta pamoja mara nyingi, kwa hiyo nikiona moja, lazima niulizie lingine."

Ndugu zangu, nililia pale kwenye kiti. Lililoniliza ni kwamba kuna mtu ameniuliza kitu, akanyamaza, akasikiliza.

Sasa msidhani niliruka nikapona. Nilipewa kidonge cha tezi cha kumeza kila asubuhi na maji matupu, chai ije baadaye. Nilipewa dawa ya kupaka kwenye mashavu, nikasafishwa fizi, nikafundishwa kupiga mswaki laini bila hasira. Yale maji makali nikaambiwa niyamwage. Na damu hupimwa tena kila nikiitwa, waone kama kidonge kinatosha.

Uponyaji ulikuja mosmos, kidogo kidogo. Kwanza sweta moja ilitoka. Halafu nikapanda ngazi bila kupumzika, nikashuka, nikapanda tena kwa raha tu, jirani akadhani nimepoteza ufunguo. Siku moja Wekesa alipiga simu, nikasema haloo, akanyamaza. Nikamuuliza, "Ni nini?" Akasema, "Hakuna. Sema tena haloo."

Na ikafika jioni nikasonga ugali laini, nikapika sukuma hadi ikaiva kabisa, nikaponda avokado. Nikaweka sahani moja. Wekesa akaichukua, kwa mazoea, akaelekea mlangoni. Nikamwambia, "Baba, rudi. Leo ni yetu wawili." Aliketi. Nilikula polepole, kila tonge nikilisikiliza kama litanichoma, na halikunichoma. Tulipofika katikati ya sahani nikagundua yeye hali, ananiangalia tu, na uso umelowa. Nikamwambia, "Sasa na wewe ukinianzia kufunga, tutafanyaje?"

Nataka niwe mkweli mbele za Mungu. Ile mistari haijaisha yote. Daktari amesema inaweza kupoa na kurudi, na kidonge cha tezi huenda nikatembea nacho maisha yangu yote. Pilipili bado sigusi, hata nikiota ile hoteli. Bwana hakunirudishia pilipili. Amenirudishia mume wangu mezani, na hilo ndilo nililokuwa nalililia.

Kuna ndugu mmoja alinichokoza kwamba huu si ushuhuda wa ukombozi, ni ushuhuda wa hospitali. Nilimwambia, ndugu yangu, aliyesimamisha wimbo pale orofa ya tatu ni nani? Aliyemfanya mama aangalie kikombe badala ya kuangalia machozi ni nani? Mimi Mungu wangu nilimwona akishika tochi ya simu, na nilimwona akiwa amevaa koti jeupe, ananiambia nimeze mate. Kama wewe umemwona kwingine, nami nitakupigia makofi.

Mama Shiro bado anamimina chai kila Alhamisi. Ila siku hizi mtu akikataa kikombe, anamvuta pembeni, anamuuliza, "Umefunga ama unaumwa?" Na haondoki hapo mpaka ajibiwe.

Kwa hiyo nina mwaliko. Inawezekana uko hapa ndani na kuna kitu kinakusumbua, cha kinywa, cha shingo, au cha mahali ambapo hutaki kupataja. Umejaribu kusema, ukaitikiwa amina. Mtumaini Bwana, hajakuacha, na daktari usimwogope. Kama hujui pa kuanzia, njoo kibandani kwangu wateja wakipungua. Nitakupa kiti. Tutaomba, lakini si mara moja. Kwanza nitakuuliza unaumwa wapi, halafu nitanyamaza mpaka umalize.